Steringi Hafi

Kijana wa bodaboda alisimamisha pikipiki mbele ya fremu, akachomoa flashi mfukoni, akaomba aingiziwe Terminator. Mwenye maktaba akamuuliza ipi. Kijana akajibu, "Ile mpya." Mimi nilikuwa nimekuja kuchajisha simu tu, maana kwangu Luku ilikata tangu mchana, na nilitegemea kuondoka baada ya nusu saa. Nilitoka pale saa tatu usiku.

Kwa msomaji wa mbali: maktaba ya muvi haina vitabu. Ni fremu ya duka yenye kompyuta moja, diski za nje tatu au nne, mabango ya sizoni za Kikorea na Kituruki yaliyopauka kwa jua, na mtu mmoja anayejua kila kilichomo. Unaleta flashi, anakujazia, unalipa, unaondoka. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na sikuja kuitetea biashara hiyo mbele yake. Naeleza tu mahali tulipokuwa. Hii ya Nkuhungu iko kando ya barabara ya vumbi, ubavuni mwake saluni ya kike, na mbele yake mwarobaini ambao chini yake babu mmoja huuza kahawa na kashata. Ilikuwa Agosti, mwezi wa upepo Dodoma, na kila mlango ulioelekea barabarani ulikuwa umerudishiwa nusu.

Majina yao nayahifadhi. Nitawaita kwa kazi zao.

MWENYE MAKTABA: Ile mpya siuzi.

BODABODA: Haipo?

MWENYE MAKTABA: Ipo. Siuzi. Ya 1984 nakupa, ya 1991 nakupa na soda juu. Ya 2003 na ya 2009 chukua. Ya 2015 nakupa shingo upande. Ya 2019 hapana.

BODABODA: Mzee, unakataa hela?

MWENYE MAKTABA: Muvi inayomuua steringi kabla watu hawajakaa vizuri kwenye benchi, hiyo si muvi, ni matanga.

Hapa lazima nieleze kanuni, kwa sababu mjadala mzima uliisimamia. Steringi ni mhusika mkuu. Tumelitohoa neno lenyewe kutoka kwenye yale maandishi ya mwanzo wa filamu yanayotangulia jina la mchezaji mkubwa. Na kanuni inasema steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atafungwa kamba, ataunguliwa nyumba, rafiki yake ndiye atakayekufa (rafiki wa steringi ana kazi hiyo moja tu), lakini yeye hafi. Tulioangalia picha kwenye vibanda umiza tunaijua kanuni hii kabla ya jedwali la kuzidisha. Ukiona mtu amekufa mapema, basi ulikosea kudhani ni steringi.

Sasa Terminator: Dark Fate, iliyotoka mwishoni mwa 2019, inafungua na ufukwe wa Guatemala, mwaka 1998. John Connor, yule mtoto aliyepiganiwa filamu nzima ya 1991, amekaa na mama yake. Linatokea dude jingine lenye sura ileile ya Arnold Schwarzenegger, linampiga risasi, linaondoka zake. Basi. Hadithi inaendelea na watu wengine.

MWENYE MAKTABA: Yule mtoto tumemlea sisi. Mwaka 1991 dunia nzima ilikimbia naye, malori, pikipiki, mitaro, ili aishi. Halafu wanakuja wengine na makamera yao mapya wanamwondoa kama mtu anayefuta jina kwenye daftari la madeni. Mwaka 2015 walimgeuza adui, tukavumilia. Lakini hii?

Mlango wa saluni ukafunguliwa. Dada alikuwa na kitana mkononi na kipande cha rasta begani. Nyuma yake mteja mwenye nusu kichwa kilichosukwa alinyoosha shingo asikie.

DADA WA SALUNI: Kaka, samahani, sauti yako inafika mpaka kwenye draya. Nikuulize. Steringi wa Terminator ni nani?

MWENYE MAKTABA: Swali gani hilo? Anodi.

DADA WA SALUNI: Kwenye ile ya kwanza?

Kimya. Kwenye ile ya kwanza, kila mtu anajua, Anodi ndiye adui. Ametumwa kutoka mwaka 2029 kuja Los Angeles ya 1984 kumuua mwanamke aitwaye Sarah Connor kabla hajamzaa John. Askari aliyetumwa kumlinda, Kyle Reese, anakufa kabla ya mwisho.

MWENYE MAKTABA: Kwenye ile ya kwanza steringi ni Kyle.

DADA WA SALUNI: Mbona alikufa?

BODABODA: Yule alikuwa rafiki wa steringi!

DADA WA SALUNI: Asante, mdogo wangu. Rafiki wa steringi. Na steringi mwenyewe ni Sarah. Mhudumu wa mgahawa, kwetu hapa tungemwita mama ntilie, ndiye aliyeliponda lile dude kwenye mashine ya kiwandani wakati mwanamume yuko chini amekufa. Ya pili, ya 1991, Anodi anashushwa kwenye chuma kilichoyeyuka. Nani anabonyeza kitufe? Si anasema hawezi kujiua mwenyewe? Sarah anabonyeza. Na 2019 Linda Hamilton amerudi na mvi zake, miaka 63, anashuka kwenye gari na bunduki begani. Steringi hajafa, kaka. Mlikuwa mnamwangalia mtu mwingine.

Nakiri kwamba hoja hii ilinipiga. Nimeangalia picha hizi zaidi ya miaka ishirini na tano na sikuwahi kuzihesabu hivyo. Mwenye maktaba naye ilimpiga, nilimwona akiifuta meza ambayo haikuwa na vumbi, jambo la ajabu kwa Nkuhungu mwezi wa Agosti. Lakini dada hakuwa amemaliza.

DADA WA SALUNI: Tena ukitaka kujua kwa nini mimi naipenda ya 2019 kuliko zote. Ya 1984 Sarah anawindwa kwa sababu gani? Kwa sababu ya mtoto atakayemzaa. Yeye mwenyewe si kitu, mali ni tumbo. Hii ya 2019 wamemleta Dani, binti anayefanya kazi kiwanda cha magari Mexico, kaka yake kabadilishwa na mashine kazini asubuhi ileile. Sarah akimwona anadhani naye analindwa kwa ajili ya mimba. Kumbe hakuna mimba. Kamanda wa baadaye ni Dani mwenyewe. Siku naiangalia hapo nilisimama.

MWENYE MAKTABA: Dani mlete! Nani kamkataza Dani? Nauliza, kwa nini lazima umzike John ndipo Dani apate kiti? Nyumba hii haina viti viwili?

Na hii nayo, jamani, ni hoja. Mashabiki wengi wa Ulaya na Marekani waliilalamikia filamu hiyo kwa neno hilohilo, na wengine walilichafua kwa kumtukana mwanamke yeyote aliyeshika bunduki. Mwenye maktaba hakuwa na tatizo na wanawake wenye bunduki. Alikuwa na msiba.

Mwanachuo alikuwa amekaa muda wote juu ya kreti la soda, anasubiri kunakili sizoni nzima ya kitu fulani kwa mwenzake wa bweni. Anasoma kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Alipofungua mdomo alitaka kutuonyesha kwamba wote tulikuwa tunagombania maua, mizizi iko kwingine.

MWANACHUO: Wazee wangu, hiyo hadithi haiongozwi na mtunzi, inaongozwa na hati. Kabla hawajapiga hata picha moja ya ile ya kwanza, James Cameron aliuza haki zake kwa mtayarishaji Gale Anne Hurd kwa dola 1, kwa sharti kwamba yeye ndiye aongoze.

BABU: Dola ngapi?

MWANACHUO: Moja, babu. Baadaye haki zikaenda Carolco, waliotoa ile ya 1991 kwa dola kama milioni 100, ambayo kwa wakati ule hakuna filamu iliyowahi kula hela nyingi hivyo. Carolco wakafilisika. Zikauzwa. Mwaka 2007 wakanunua Halcyon, wakatoa ya 2009, wakafilisika mwaka huohuo. Mwaka 2010 zikapigwa mnada kwa milioni 29 na nusu. Kila anayenunua anaanza upya, kwa sababu hakununua ili amalizie nyumba ya mwenzake.

MWENYE MAKTABA: Kama kiwanja.

MWANACHUO: Kama kiwanja, mzee! Na kuna jambo jingine. Sheria ya Marekani inamruhusu mtunzi kudai haki zake zirudi baada ya miaka 35. Filamu ya kwanza ni ya 1984. Jumlisha 35.

Bodaboda alihesabu kwa vidole vya mkono uliokuwa na glavu. "Elfu mbili kumi na tisa," akasema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akaonekana amekasirika kweli.

Mfano wa kiwanja uliingia watu wote damuni, na usishangae. Huu ni mji uliotangazwa makao makuu mwaka 1973, ukapewa mamlaka ya kuuendeleza, mamlaka ikavunjwa mwaka 2017, na katikati ya hapo hakuna ukoo ambao hauna shangazi mwenye kesi ya kiwanja. Kwa dakika kumi nzima Terminator ilisahaulika; tulihama tukaenda kwenye mawe ya mipaka, na mteja wa saluni aliyekuwa na nusu kichwa alitoka nje kabisa kutueleza ya kwao. Sitayaandika hapa.

Babu ndiye aliyeturudisha, na alirudi kwa njia ya kwake.

BABU: Mimi hiyo Taminata yenu siijui. Ila namjua Hukwe Zawose.

Hakuna Mgogo wa umri wake asiyemjua marehemu Zawose: ilimba, zeze, na ile sauti iliyoweza kupanda mpaka ukadhani ni ya mtu mwingine. Nyerere alimtoa huku akampeleka Dar es Salaam, akaishia Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa, na dunia ikamfuata huko.

BABU: Mwaka 2002 akatoa kanda na mzungu mpiga gitaa.

MWANACHUO: Michael Brook. Wa Canada.

BABU: Huyohuyo. Ilimba ipo, lakini chini yake kuna mngurumo wa mitambo. Mjukuu wangu alikuja nayo kutoka Dar, akaniwekea. Nikamwambia toa. Nikasema wamemharibu mzee wa watu. Mwaka uliofuata Zawose akafariki. Sasa nikisikia mahali wanaipiga nasimama na birika langu mpaka iishe.

MWENYE MAKTABA: Babu, Zawose alibadilisha ya kwake mwenyewe. Mwenye shamba akikata mwembe wake hatushitaki.

DADA WA SALUNI: Na Cameron je? Hii ya 2019 unayoikataa, alikuwemo.

MWENYE MAKTABA: Alikuwa mtayarishaji! Aliyeongoza ni Tim Miller!

DADA WA SALUNI: Kwa hiyo mwenye shamba alisimama pembeni anaonyesha kwa kidole mwembe upi ukatwe.

Watu walicheka, na mwenye maktaba alipoona anachekwa akaleta ushahidi wake wa mwisho. Natamani ungemwona. Aliinuka, akazima feni ili asikike.

"Nyie hamjui mnachokilinganisha," alisema. "Ile ya 1991, pale mwisho, kwenye kile kiwanda cha chuma. Anodi amemaliza kazi, amempiga yule wa zebaki, anajua na yeye lazima aondoke. Mtoto analia. Anodi anamshika bega, anamwambia: Johni mwanangu, soma sana, msikilize mama yako, na ukiulizwa baba yako ni nani usione haya, sema baba yangu ni chuma." Sauti ilimkwama kidogo hapo. "Nioneshe maneno kama hayo kwenye hiyo ya 2019. Nioneshe."

Mwanachuo hakusema kitu. Aliipata faili ya 1991 kwenye kompyuta, akaburuta mpaka dakika za mwisho, akageuza kioo tukione wote.

Kiwanda, moto, cheche. Mtoto analia kweli. Schwarzenegger anasema maneno machache ya Kiingereza kuhusu machozi. Wanakumbatiana. Sarah anampa mkono. Anapanda kwenye mnyororo, anashuka taratibu, na kitu cha mwisho kuonekana ni dole gumba limesimama juu ya chuma kinachochemka. Wosia hakuna. Masomo hayakutajwa. Baba wa chuma hayupo.

MWENYE MAKTABA: Hiyo kopi imekatwa.

Mwanachuo akairudisha. Tukaangalia tena. Akatafuta faili nyingine, kubwa zaidi, nayo ikawa vilevile.

MWENYE MAKTABA: Zote zimekatwa.

Lakini alisema polepole, kama mtu anayeanza kukumbuka mahali alipoweka funguo. Na hapo inabidi niingie mwenyewe, kwa sababu yale maneno ya wosia hata mimi nilikuwa nayakumbuka. Ningeapa yamo.

Yalikuwa ya mtafsiri.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 70, na mpaka leo wanatukumbusha. Sisi huku tulikutana na picha kwa njia ya deki na mkanda, kwenye vibanda. Cha kwetu kilikuwa na kuta za magunia, mabenchi ya mabanzi, televisheni ya inchi 21 iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na jenereta nje lililotetemesha ardhi mpaka unayasikia mapigano kwa makalio. Kiingilio shilingi hamsini. Mwaka 1996 mwenye maktaba alikuwa kijana wa mlangoni, anakusanya hela kwenye kopo la maziwa. Nilikuwa sijamtambua mpaka jioni ile. Na kando ya televisheni aliketi mtu mmoja mwenye kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Huyo alikuwa anatuelezea picha.

Kusema alitafsiri ni kumpunja. Kiingereza chake sijui kilikuwa cha kiwango gani, na hatukuwa na cha kumpimia. Alimpa kila mtu kwenye picha jina, kabila na madeni. Los Angeles ilikuwa na mitaa ya kwetu; walikimbizana wakipitia Kizota. Yule polisi wa zebaki alikuwa jini lililokosa kulipwa mshahara. Ile Siku ya Hukumu ya tarehe 29 Agosti 1997 iliyotajwa kwenye filamu aliisisitiza kiasi kwamba wengine tuliisubiri kwa dhati. Ikapita, Ijumaa ya kawaida. Miezi michache baadaye zikaja mvua za El Nino, na kuna mwenzetu mmoja alishikilia kwamba ndiyo hiyo, ilichelewa njiani.

Kazi hii ina wakubwa wake. Dar es Salaam alikuwepo Kapteni Derek Gaspar Mukandala, mwanajeshi, ambaye Watanzania wengi wanamjua kwa jina la Lufufu, na mikanda aliyoiwekea sauti yake ilifika kila kona ya nchi. Matthias Krings, mtafiti wa Kijerumani aliyeifuatilia fani hii, aliandika mwaka 2010 makala ambayo kichwa chake kinazungumzia kugeuza wali kuwa pilau. Kampala watafsiri hawa wanaitwa VJ, na huko waliifikisha mbali zaidi: *Who Killed Captain Alex?*, filamu aliyoitoa Isaac Nabwana mwaka 2010 pale Wakaliga, inajulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, na filamu tupu isiyo na sauti hiyo haipo tena, kwa sababu Nabwana alihitaji nafasi kwenye kompyuta ili atengeneze nyingine. Wali umeliwa, umebaki pilau peke yake.

Jina lenyewe la Terminator lilisafiri kwa njia zake, na si zote za kuchekesha. Mashariki ya Kongo lilimkaa Bosco Ntaganda, mbabe wa vita wa Ituri. Tarehe 7 Novemba 2019, siku sita baada ya Dark Fate kuanza kuonyeshwa Marekani, mahakama ya The Hague ilimhukumu kifungo cha miaka 30. Sinema za California zikamaliza Terminator mmoja, The Hague ikafunga mwingine, wiki moja.

Lakini mtafsiri wetu hakurekodi. Alikuwa anasema papo kwa papo, kila usiku tofauti kidogo, akichoka anafupisha, watu wakiwa wengi anarefusha. Kibanda kilivunjwa, yeye akahama. Ile Terminator ya 1991 ambayo mwenye maktaba ameipigania jioni nzima, haipo kwenye diski yoyote duniani. Iko kwenye vichwa vya watu wenye mvi kama sisi, na kumbe hata humo inatofautiana, kwa sababu mimi nakumbuka "baba yangu ni chuma" na "wasalimie Wagogo wote", na yeye anaapa salamu hazikuwepo.

DADA WA SALUNI: Kwa hiyo, kaka, hiyo unayoitetea isiguswe, ilishaguswa.

MWENYE MAKTABA: Ndiyo.

DADA WA SALUNI: Na aliyeigusa hakuomba ruhusa kwa mtu.

MWENYE MAKTABA: Alaa! Aombe kwa nani? Alikuwa anatupa muvi. Hao wa Cameron walitupa picha. Muvi alitupa yeye.

Nimeiwaza sentensi hiyo tangu siku ile. Naiona ni kweli kwa asilimia kubwa, na ndiyo maana sikubaliani naye kuhusu 2019. Filamu yenyewe si mbaya. Ilitumia karibu milioni 185, ikakusanya kama 261 dunia nzima, na kwa hesabu za watu wa sinema hiyo ni hasara. Lakini Nkuhungu hatuna hisa. Kosa lake kwetu ni kwamba ilikuja bubu. Ilikuja kwenye faili safi, picha kali, maandishi meupe chini, kila mtu anaiangalia peke yake chumbani, na hakuna mtu mwenye kipaza sauti wa kutuambia huyu Dani ni mtoto wa nani.

MWANACHUO: Ila mimi bado nashangaa, tunagombania ya Wamarekani. Wakenya wana *Pumzi*, ya Wanuri Kahiu, ya 2009, dakika kama ishirini tu. Dunia imepigana vita vya maji, watu wanaishi ndani, wanakunywa jasho lao lililochujwa. Hiyo ukiipiga hapa siku ya mgao hakuna atakayehitaji mtafsiri.

DADA WA SALUNI: Unayo, kaka?

MWENYE MAKTABA: Hakuna anayeiulizia.

DADA WA SALUNI: Mimi nimeuliza.

Aliandika kwenye daftari lake, P-U-M-Z-I, kwa herufi kubwa. Sijui kama ameshaipata.

Giza lilikuwa limeingia, babu anazima jiko. Bodaboda, ambaye kwa saa zote hizo alikuwa amekataa abiria wanne kwa hesabu yangu, akarudi palepale alipoanzia: yeye bado hajaiona ile mpya, sisi wote tumeiona, na tunamnyima. Dada akamuunga mkono. Akamwambia mwenye maktaba aiweke, na kama ina kasoro aitengeneze mwenyewe, si alikaa mlangoni pa kibanda miaka mitatu akisikiliza kazi inavyofanywa?

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakaa, akafungua faili, akashusha sauti ya spika mpaka mwisho. Ufukwe ukatokea. Meza, kivuli, mama na mwana. Akachukua chupa tupu ya maji, akaikamata karibu na mdomo, akakohoa.

"Ndugu watazamaji," alianza, na ile haikuwa sauti yake ya dukani. "Mbukwenyi. Hapa ni Guatemala, ila upepo ni wa Dodoma. Huyu mama ni Sarah, ana kesi ya kiwanja. Huyu mtoto ni Johni, amefaulu darasa la saba."

Lile dude likatembea kutoka nyuma ya watu, bunduki mkononi. Risasi. Mtoto akaanguka, mama akamwangukia.

"Msilie," alisema mwenye maktaba kwenye chupa. "Johni hajafa, kazimia. Risasi imegota kwenye daftari la hesabu aliloficha shatini, maana aliambiwa na chuma asome sana. Mama yake hajui. Mtaona mbele."

"Kumbe!" alisema bodaboda.

"Kafa!" alipiga kelele dada wa saluni. "Kaka, usidanganye mtoto, kafa!"

"Mama wa mstari wa mbele, kaa chini, nyuma hawaoni."

Bodaboda akasukuma flashi mezani, akasema aingiziwe hiyohiyo, na maneno yake. Mwenye maktaba hakumsikia. Alikuwa ameshafika Mexico, anamtafutia Dani kabila.